Samani za Zamani za Chumba cha Kulala: Kuzihuisha, Kuzivua au Kuzipaka Rangi Upya?

Mtu anayeachiwa na wazazi wake samani za chumba cha kulala, yaani kitanda, kabati la nguo, meza ya kujipambia yenye kioo na vijikabati viwili vya kando ya kitanda, kwa kawaida huanza kwa kuuliza apake rangi gani. Swali hilo ni la haki, lakini huja mapema mno. Kabla ya rangi kuna njia tatu zinazopaswa kuwekwa sambamba: kuhuisha mpako uliopo bila kuubandua, kuuvua wote hadi kwenye mbao na kupiga vanishi mpya, au kufunika kila kitu kwa rangi isiyoonyesha mbao. Nimezijaribu zote tatu kwenye samani zilizokuwa za wazazi wangu, na nilichojifunza ni kwamba tofauti kubwa kati yake haiko kwenye urembo bali kwenye uwezekano wa kurudi nyuma.

Aliyesafisha leo anaweza kuvua kesho, na aliyevua kesho anaweza kupaka rangi keshokutwa. Aliyeanza na rangi hana njia rahisi ya kurejea. Kwenye mbao yenye vinyweleo vikubwa, kama mwaloni, rangi huzama ndani ya vinyweleo na kubaki humo kama vijidoa vyeupe hata baada ya dawa ya kuvulia na msasa kupita mara kadhaa. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa sababu hiyo sishauri rangi iwe chaguo la kwanza isipokuwa pale ambapo samani yenyewe, kwa jinsi ilivyotengenezwa au ilivyoharibika, haitoi chaguo jingine. Na hali hiyo hutokea mara nyingi kuliko wapenzi wa mbao tunavyopenda kukubali.

Samani imetengenezwa kwa nini?

Vuta droo moja hadi itoke yote, igeuze, kisha uichunguze chini, nyuma na kwenye kingo. Baadaye piga magoti utazame ukingo wa juu wa meza au kabati. Ikiwa mistari ya mbao iliyo juu inaendelea hadi ukingoni na kuishia kwenye mkato unaoonyesha vinyweleo, hiyo ni mbao nzima. Ikiwa mistari inakoma ghafla na ukingo una mistari yake mingine iliyobandikwa, hiyo ni vinia, yaani ganda jembamba la mbao nzuri lililogundishwa juu ya mbao ya kawaida. Vinia nyingi za kisasa hazifiki milimita 1 kwa unene, na zipo nyingi zenye takribani milimita 0.6 tu, za zamani zilizokatwa kwa msumeno huwa nene zaidi. Aina ya tatu ni mbao zilizogandamizwa kwa vipande au unga wa mbao, kama chipubodi na MDF, zilizofunikwa kwa karatasi au plastiki yenye picha ya mbao. Hizo huonyesha umri wake kwenye pembe zilizovimba baada ya kupata maji, na uvimbe huo haurudi chini.

Uchunguzi huu hauchukui hata nusu saa, lakini ndio unaoamua karibu kila kitu kinachofuata. Nilipogeuza droo ya juu ya meza ya kujipambia ya mama, nilikuta fundi ameandika namba 1 kwa penseli kwenye ubao wa nyuma, na namba hiyo hiyo ndani ya mwili wa meza, kwa sababu kila droo ilichongwa ikae mahali pake tu. Pembe zake zilishikana kwa meno yaliyokatwa kwa mkono, mapana nchani na membamba shinani, hakuna jino lililolingana sawasawa na jenzake. Ukiona vyaelea vimeundwa. Meza ya namna hiyo nisingeifunika rangi kwa haraka. Kabati la nguo lililosimama karibu nayo, lenye milango ya chipubodi, lilikuwa jambo jingine kabisa.

Mpako wa zamani nao una jaribio lake. Chagua mahali pasipoonekana, kama nyuma ya mguu, uguse kwa pamba iliyolowa spiriti kidogo. Mpako ukianza kunata ndani ya dakika moja, hiyo ni sheleki, utomvu unaotolewa na mdudu na kuyeyushwa katika spiriti. Usipobadilika, jaribu thina ya laka. Ukilainika, ni laka, yaani mpako mgumu unaokauka haraka. Usiposhtuka kwa chochote kati ya hivyo viwili, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni vanishi ya mafuta au poliyurethani, vanishi ya aina ya plastiki. Wakati huo huo angalia matundu ya wadudu: tundu la duara la milimita 1 hadi 2 lenye unga mpya chini yake linaonyesha kwamba mbao bado inabunguliwa, na kupaka chochote juu yake kabla ya kuitibu ni kupoteza kazi. Kwa kuwa hizi ni samani za kulalia, kagua pia maungio ya kitanda na matundu ya skrubu kwa tochi, kutafuta dalili za kunguni, kabla ya kuingiza chochote ndani ya chumba.

Kuhuisha na kuvua

Kuhuisha ni njia ya bei nafuu kuliko zote na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Kinachohitajika ni maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini, kitambaa kilichokamuliwa vizuri, kisha tapentaini ya kuondolea nta na mafuta yaliyogandamana kwa miaka, na mwisho nta mpya inayosuguliwa hadi ing'ae. Meza moja humalizika kwa siku moja. Mara nyingi kile tulichodhani ni mbao iliyofifia huwa ni uchafu tu ulioshikana na polishi. Sheleki ina faida ya ziada: kwa sababu spiriti huiyeyusha tena, mikwaruzo midogo inaweza kulainishwa na kusawazishwa bila kubandua chochote.

Madoa ya bilauri nayo yanasomeka. Duara jeupe maana yake unyevu umenaswa ndani ya mpako wenyewe, na mara nyingi linaweza kuondolewa kwa kuhuisha. Duara jeusi maana yake maji yamepenya hadi kwenye mbao na kuunda rangi nyeusi pale chuma na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao, vilipokutana. Hilo halitoki kwa nta, linahitaji mpako uvuliwe na mbao itibiwe kwa asidi ya oksaliki. Hapa ndipo kuhuisha kunapofikia mpaka wake. Mpaka mwingine ni kwamba kuhuisha hakubadilishi sura: mwenye chumba kidogo chenye mwanga hafifu na samani nyeusi tii atabaki na samani nyeusi tii, safi zaidi.

Kuvua ni kazi nzito, na ninasema hivyo kwa kuipenda. Dawa za zamani za kuvulia zilizokuwa na dikloromethani zilifanya kazi haraka lakini mvuke wake uliua watu katika vyumba visivyo na hewa, na Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya zimeziondoa mikononi mwa watumiaji wa kawaida. Zilizobaki ni za polepole. Hupakwa nene, hufunikwa, huachwa kwa saa kadhaa, kisha hukwanguliwa kwa kikwangulio butu kwa kufuata mistari ya mbao. Kioo cha meza chenye fremu ya nakshi kinaweza kula siku mbili peke yake, kwa brashi ya meno na vijiti. Kwenye vinia, msasa wa mashine ni adui: sekunde chache za kukaa mahali pamoja zinatosha kutoboa ganda na kufichua mbao ya chini, na hapo hakuna tiba ila rangi au vinia mpya.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi kabla ya kuanza. Watengenezaji wengi wa samani za seti walichanganya mbao: juu mbao nzuri, miguu na fremu mbao ya bei ndogo, kisha wakazilinganisha zote kwa rangi ya kahawia iliyochanganywa ndani ya mpako. Ukiuvua mpako huo unabaki na meza yenye uso mwekundu na miguu ya rangi ya nyasi kavu. Kuzirudisha zifanane kunahitaji ustadi kuliko kuvua kwenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kuvua kipande kizima, vua sehemu ndogo ya mguu na sehemu ndogo chini ya ukingo wa juu, uzitazame pamoja. Zikilingana, na mbao ikiwa nzima yenye mistari inayovutia, kuvua ndiko kunakotoa matokeo mazuri kuliko yote. Zisipolingana, fikiria kuvua uso wa juu tu na kupaka rangi sehemu ya chini. Mchanganyiko huo huonekana wa kukusudia, na hulinda sehemu bora ya samani isifunikwe.

Ukiamua kupaka rangi: ipi kati ya nne?

Maandalizi ni yale yale kwa karibu kila rangi, nayo ndiyo nusu ya kazi. Osha kwa sabuni, suuza, acha ikauke. Jaza mashimo kwa puti. Piga msasa wa namba 180 hadi 220, lengo likiwa kuondoa mng'ao tu, si kuondoa mpako wote. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, paka praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, kisha makoti (matabaka ya rangi) mawili membamba, ukipitisha msasa laini wa namba 320 katikati yake. Ubao wa kichwani wa kitanda unahitaji kuoshwa mara mbili, kwa sababu pale vichwa vilipoegemea kwa miaka mingi kuna mafuta ya nywele yaliyoingia ndani ya mpako, na rangi haitashika hapo hata kama imeshika vizuri kwingine kote.

Matatizo mawili huonekana kama kosa la rangi ilhali si lake. La kwanza ni vijishimo vidogo vya duara vinavyofunguka rangi ikiwa bado mbichi. Hiyo ni silikoni iliyobaki kutokana na polishi za kupuliza. La pili ni madoa ya kahawia au mekundu yanayojitokeza juu ya rangi nyeupe, hasa kwenye mahogani na mwaloni. Hiyo ni tanini ya mbao inayoyeyushwa na maji ya rangi. Kuongeza koti la tatu na la nne hakuzuii lolote kati ya hayo. Dawa ya yote mawili ni praima ya sheleki, inayojenga ukuta kati ya mbao na rangi.

Sasa rangi zenyewe. Rangi ya maji ya akriliki, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya milango na makabati, hukauka kwa kuguswa ndani ya saa moja hivi, hupokea koti la pili baada ya saa 2 hadi 4, haina harufu kali, brashi huoshwa kwa maji, na nyeupe yake hubaki nyeupe. Udhaifu wake ni kwamba kukauka na kukomaa si kitu kimoja. Inahitaji takribani wiki 3 hadi 4 ili iwe ngumu kweli, na kabla ya hapo nyuso mbili zinazogusana hunatana. Niliupata ukweli huu kwa njia ngumu. Kabati la wazazi wangu nililipaka rangi ya maji iliyobaki kutoka kwenye kuta, nikafunga milango siku ya pili, na nilipoifungua baada ya wiki tatu, utepe mzima wa rangi ulibanduka kutoka kwenye fremu kwa sauti kama ya karatasi inayochanwa. Rangi ya kuta haikutengenezwa kwa ajili ya kugusana, kusuguliwa na kubebeshwa vitu, na haifai samani hata kama imebaki ndoo nzima.

Rangi ya mafuta ni kinyume chake karibu katika kila jambo. Huchukua saa 6 hadi 8 kukauka kwa kuguswa na saa 16 hadi 24 kabla ya koti la pili. Kwa sababu ya upole huo, alama za brashi hujisawazisha zenyewe na uso hutoka laini kama kauri. Huwa ngumu, na huvumilia kufutwa mara kwa mara. Lakini harufu yake hudumu kwa siku kadhaa, jambo zito katika chumba ambacho mtu atalala humo, na nyeupe yake hugeuka manjano, hasa pale pasipofikiwa na mwanga: ndani ya kabati, nyuma ya ubao wa kichwani, ndani ya droo. Anayetaka rangi nyeusi, ya kijani kibichi au ya bluu iliyokolea hatapata hasara hiyo. Anayetaka nyeupe achague ya maji. Zipo pia rangi za kati, za alkidi (utomvu unaotumika kwenye rangi za mafuta) iliyochanganywa katika maji, ambazo hujisawazisha karibu kama za mafuta na huoshwa kwa maji; zikipatikana, hizo ndizo ninazoziweka mbele kwa makabati na droo.

Rangi ya chaki ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1990 na sababu ya kupendwa kwake inaeleweka: hushika juu ya mpako wa zamani bila msasa mwingi, hukauka haraka, na uso wake usiong'aa huficha kasoro nyingi. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba haihitaji maandalizi. Mafuta na tanini hupenya ndani yake kama zinavyopenya rangi nyingine, na yenyewe ni laini mno kuachwa wazi, hivyo lazima ifunikwe kwa nta au vanishi. Nta ni nzuri kwa kutazama na kugusa, lakini haistahimili kikombe cha moto wala mafuta ya kujipaka, na huhitaji kurudiwa kila baada ya muda. Kwa fremu ya kioo ni chaguo zuri. Kwa uso wa meza ya kujipambia, panapomwagika kila kitu, si zuri.

Ya nne, rangi ya kupuliza kwenye kopo, naipendekeza kwa vitu vidogo tu: vishikio, bawaba, nakshi na vyuma. Makoti membamba manne hushinda koti moja nene linalotiririka, na kazi ifanyike nje, kwa barakoa inayozuia mvuke, si ile ya vumbi pekee.

Kuhusu kiasi, watu hununua kupita mahitaji. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takribani mita za mraba 10 hadi 12 kwa koti moja. Kabati la droo lenye upana wa mita 1, kina cha nusu mita na kimo cha sentimita 90 lina uso wa mita za mraba 2.3 hivi ukihesabu juu, mbele na pande mbili. Makoti mawili hayafiki mita za mraba 5. Nusu lita inatosha.

Risasi, na kitanda cha mtoto

Sehemu hii haihusu ladha. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo kwa nyumba na samani mwaka 1978, na nchi nyingine nyingi zilichelewa zaidi, kwa hiyo samani yoyote iliyopakwa rangi na isiyojulikana umri ichukuliwe kuwa nayo hadi ipimwe kwa vipimo vidogo vya kugusa au katika maabara. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huumia zaidi, kwa sababu hudhuru ubongo unaokua. Ikipatikana, usipige msasa mkavu na usichome rangi kwa moto; vumbi na moshi ndivyo vinavyoingia mwilini. Kama mpako umeshika vizuri, kuufunika ni salama kuliko kuuvua. Kama unabanduka, mpe kazi hiyo mtu mwenye vifaa vyake.

Kitanda cha mtoto kilichorithiwa kina hatari ambazo rangi haiziondoi. Mtoto hutafuna kingo zake, kwa hiyo kukifunika hakutoshi. Kipimo cha Marekani hakiruhusu nafasi kati ya fito izidi takribani sentimita 6, na vitanda vyenye ubavu wa kushuka na kupanda vilipigwa marufuku huko mwaka 2011. Kisichotimiza hayo kihifadhiwe kama kumbukumbu, asilazwe mtoto.

Kipande kwa kipande

Vishikio vipya hubadilisha samani kuliko inavyodhaniwa, na ndilo badiliko pekee linaloweza kutenguliwa kwa bisibisi. Pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu jingine kabla ya kununua. Vipimo vya kawaida ni milimita 96 na 128, na vya zamani mara nyingi ni inchi 3, karibu milimita 76. Visipolingana, matundu ya zamani yatalazimika kuzibwa, na kuziba kunakoonekana vizuri kunataka rangi juu yake.

Kitanda cha mbao nzima ningekihuisha, au ningekivua ubao wa kichwani tu. Matendegu na mifumbati hugongwa kila siku kwa viatu na fagio, na rangi nyepesi huonyesha kila mgongano. Kaza maungio na ubadilishe chaga zilizopinda kabla ya kugusa mpako, maana kitanda kinacholia hakiponi kwa kung'aa. Kabati la nguo la chipubodi ni la kupaka rangi bila majuto, kwa praima inayoshika plastiki na rangi ya alkidi ya maji, milango ikiwa imeng'olewa na kulazwa chini. Na kwa kuwa limeshasogezwa, lifungwe ukutani wakati wa kulirudisha, kwa sababu mtoto anayepanda droo zilizofunguka huliangusha lote. Meza ya kujipambia yenye mbao nzuri ivuliwe uso wa juu na kupigwa poliyurethani, chini yake ikisafishwa au kupakwa rangi kulingana na hali. Vijikabati vya kando ndivyo vya kuanzia, vyote viwili kwa mpigo, kwa kuwa ni vidogo na kosa lake hurekebishika kwa siku moja.

Katika vyote hivyo usipake rangi pande za droo zinazosuguana na mwili wa samani wala reli zinapopita. Koti mbili za pande zote mbili huongeza unene wa kutosha kuikwamisha droo iliyochongwa kwa kipimo. Sugua reli kwa mshumaa mkavu, rudisha kila droo kwenye nafasi yake, na uiache namba ya penseli isomeke.